Vyungu Vilipogongana: Tetemeko la Nchi na Nyumba Zetu za Kusini mwa Maniema

Kuanzia mwezi wa Julai 1870 hadi Februari 1871, msafiri mmoja Mzungu alikaa Kabambare akingojea vidonda vya miguu vipone. Ndiye David Livingstone, na katika maandishi yake mji huo anauita Bambarre. Kwa kuwa hakuweza kwenda mbali, aliwauliza watu maswali na kuyaandika majibu yao: juu ya sokwe, juu ya biashara ya pembe na ya watumwa, juu ya desturi za wenyeji. Kati ya mambo hayo aliandika pia kwamba matetemeko ya nchi yalijulikana sana kwa watu wa Manyema. Kwamba kwa maelezo yao yalitoka mashariki yakaelekea magharibi. Na kwamba yanapopita, vyungu hugongana na kuku hulia. Shajara yake ilichapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake.

Vijana wapendwa, tunaanza na habari hiyo ya zamani kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba tetemeko ni jambo la Goma na Bukavu, la watu wanaokaa karibu na mlima wa moto, na kwamba sisi wa Kasongo na Kabambare halituhusu. Wazee wa mwaka 1870 hawakudhani hivyo. Wala hawakukosea kuhusu upande linakotoka. Mashariki kwetu kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, na ziwa hilo si bonde la kawaida lililojaa maji. Ni ufa. Bara la Afrika linapasuka polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na tawi la magharibi la ufa huo linashuka kutoka Ziwa Albert, likapita Ziwa Edward, Kivu na Tanganyika, hadi Rukwa na Malawi. Mkono mwingine uko kusini kwetu, kwenye mabonde ya Upemba ambamo mto Lualaba hupita kabla ya kutufikia. Mawe yaliyo chini hukaza kwa miaka mingi kama upinde uliovutwa, kisha siku moja hukatika kwa ghafula, na mtikisiko husambaa pande zote. Mtu wa Kabambare husikia mashariki ikitikisika, kwa kuwa ziwa liko mashariki yake.

Tukihesabu yale makubwa tu yaliyotuzunguka: tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa, ng'ambo ya ziwa, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ya 20. Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 20 mchana, nchi ilipasuka chini ya ziwa karibu na Kalemie kwa ukubwa wa 6.8, nyumba ziliporomoka Kalemie, watoto wakiwa miongoni mwa waliokufa, na mtikisiko ulifika hata Nairobi, ambako watu waliyakimbia maofisi ya ghorofa.

Lililo karibu nasi zaidi, na ambalo vijana wengi hawajawahi kulisikia, ni lile la Kabalo. Ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Septemba 1992. Kabalo iko kwenye Lualaba, juu ya Kongolo, katika reli ileile inayoshuka hadi Samba, Kibombo na Kindu. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka huko hadi Kasongo ni karibu kilomita 180. Tetemeko hilo lilizidi ukubwa wa 6, likaua watu kadhaa, likajeruhi wengine na kubomoa nyumba nyingi. Mwaka huo nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, nayo ilikuwa na mashaka mengine mengi ya kisiasa na ya fedha, na habari ya Kabalo ilipita haraka. Kwetu haikuacha kitabu wala kumbukumbu ya jiwe. Wenye umri wa miaka arobaini na zaidi ndio walio nayo vichwani mwao, na kila mwaka wanapungua.

Tuirudie sasa shajara ya Livingstone. Inataja vyungu na kuku, kuta hazitaji. Hatutaki kuyabebesha maneno machache mzigo mkubwa, kwa sababu mtu hukosa kutaja mambo mengi aliyoyaona. Hata hivyo yafaa kukumbuka nyumba za wakati ule zilivyokuwa. Zilikuwa za miti iliyosimikwa ardhini, ikafungwa kwa fito na kamba za msituni, ikakandikwa udongo, na juu yake majani. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa hupinda, hulia, humwaga udongo wake, na pengine huegemea upande mmoja. Ikianguka kabisa, kinachomwangukia aliyelala ni fito na majani. Mtu hutoka na mavumbi kichwani.

Kisha nyumba zikabadilika. Kasongo ya Tippu Tip na jamaa zake ilikuwa na nyumba kubwa za udongo kwa mtindo wa pwani, na baada ya mji kutekwa mwaka 1893 Wabelgiji na wamisionari walileta tofali la kuchoma. Tofali likawa alama ya maendeleo. Kanisa ni la tofali, shule ni ya tofali, na kijana anayejiandaa kuoa anafyatua matofali wakati wa kiangazi, anajenga tanuru, anachoma kwa kuni, na jirani wote wanajua kwamba huyu sasa ni mtu mzima. Hatulaumu jambo hilo. Nyumba ya tofali haiwaki moto upesi, haisumbuliwi sana na mchwa, na mvua hailizi kuta zake. Lakini nyingi ya nyumba hizo zimejengwa kwa namna moja: tofali juu ya tofali, katikati yake udongo uliolowekwa badala ya saruji, maana saruji hufika kwetu kwa njia mbovu na kwa bei ya kutisha, juu ya mlango ubao mmoja, juu kabisa mabati yaliyobanwa kwa mawe au misumari michache. Kila ukuta unasimama peke yake. Tetemeko likija, pembe hupasuka, ukuta mrefu huangukia nje au ndani, na paa lililokuwa limeuegemea hufuata.

Hivyo basi jambo la kusikitisha katika historia yetu ni hili: tumepanda kutoka nyumba iliyo dhaifu kwa mvua lakini mpole kwa tetemeko, tukafika kwenye nyumba iliyo imara kwa mvua lakini katili kwa tetemeko, na hatukuchukua kitu kimoja ambacho babu zetu walikuwa nacho, yaani kufunga. Wao walifunga kila kiungo. Sisi tumepanga tu.

Watu wa Lisbon nchini Ureno walijifunza somo hilo kwa bei kubwa. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya saa tatu na nusu asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa ikiwaka, mji ulitikiswa. Kuta za mawe ziliwaangukia waamini, bahari ikapanda, na moto ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu walikufa. Mji ulipojengwa upya, wahandisi waliweka ndani ya kuta za nyumba mpya kizimba cha mbao zilizopishana na kufungwa pamoja. Wareno walikiita gaiola, jina la tundu la ndege. Inasimuliwa kwamba mfano wake ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari waupige mwendo kuuzunguka ili ardhi itikisike. Mtu wa Kabambare wa mwaka 1870 angekitazama kizimba hicho angetambua mara moja nyumba yake mwenyewe.

Sisi tunaosali katika makanisa ya tofali tuna sababu ya pekee ya kusikiliza habari hizi. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na dakika 34 asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukavu na ng'ambo yake, sehemu za Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda. Kwa vipimo vya dunia hilo si kubwa. Lile la Rukwa liliachia nguvu zaidi ya mara mia moja. Lakini lilikuja saa ya ibada. Upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, na baadhi yao walikuwa ndani ya kanisa lililoporomoka. Saa chache baadaye mtikisiko wa pili ulifuata, na mingine ikaendelea kwa siku nyingi.

Basi tuseme wazi yanayopaswa kufanywa, kwa sababu mtikisiko mkali kwa kawaida haumalizi hata dakika moja, na katika dakika hiyo hakuna nafasi ya kufikiri. Mtu hufanya tu yale ambayo mwili umeyazoea. Ukiwa nje, kaa nje, mbali na kuta, miti mikubwa na nyaya. Ukiwa katika chumba cha chini na mlango uko hatua mbili tatu mbele yako, toka na uende mbali na ukuta. Ukiwa mbali na mlango, usikimbie: piga magoti, ingia chini ya meza au dawati gumu ulishike, na pasipo na meza ujikunje chini kando ya kitu kigumu, ukifunika kichwa na shingo kwa mikono. Wengi huumia wakiwa mbioni, mlangoni, ambako matofali ya juu huanguka na watu husongamana. Usiku, kama hakuna mlango karibu, mto juu ya kichwa ni afadhali kuliko kukimbia gizani.

Kanisani inama kati ya mabenchi, funika kichwa, ngoja. Ukuta wa pembetatu ulio juu ya lango kuu ndio wa kuogopwa kuliko yote, maana ni mzito, ni mrefu na hakuna kinachoushika. Nao umati hukimbilia chini yake hasa. Tunawaomba wale wenye zamu ya kupanga ibada kufungua milango ya pembeni kabla ya Misa, kila Jumapili, hata kama vumbi linaingia. Mlango wa pembeni uliofungwa kwa kufuli ni ukuta mwingine tu. Na wawekwe vijana wanne, waliokubaliana mapema, wa kuwaongoza wazee na mama wenye watoto mtikisiko ukiisha.

Baada ya hapo kazi inaanza. Mbabula zizimwe kwa maji au mchanga, kwa sababu moto uliopinduka humaliza kile ambacho tetemeko limebakiza. Asirudi mtu ndani kutafuta godoro au simu; ukuta uliopasuka leo huanguka kesho kwa mtikisiko mdogo. Wale wa Salamabila na Namoya wasishuke katika mashimo ya dhahabu kwa siku kadhaa, hata kama mdomo wa shimo unaonekana mzima. Walio chini ya milima na kando ya mabonde ya mito watazame juu: udongo uliolegea hungoja mvua. Mahali ambapo mtu amefunikwa, wote wanyamaze kimya kabisa, aite mmoja tu, kisha wasikilize. Vilio na nyimbo zitakuwa na wakati wake. Damu izuiwe kwa kitambaa safi kinachobanwa kwa nguvu. Anayelalamika mgongo asivutwe mikono, abebwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Chemchemi zinaweza kuchafuka au kuhama. Maji yachemshwe, maana katika nchi hizi za ziwa na za Lualaba kipindupindu si mgeni.

Kisha wahesabiwe watu. Hapa jumuiya ndogo za parokia zinaweza kufanya kile ambacho serikali ya mbali haiwezi kukifanya katika saa ya kwanza, kwa sababu zinajua nani analala wapi: bibi fulani asiyeona, familia iliyokimbia vita ikapewa chumba nyuma ya nyumba. Teritwari ya Kabambare imezoea wakimbizi, na mkimbizi ndiye anayesahaulika kwenye orodha. Usiku wa kulala nje nao una hatari zake. Watu wa Bukavu walilala nje mwaka 2008 wakiogopa kuta. Wasichana na watoto wawekwe pamoja na mama zao, penye mwanga, na vijana wa kiume wapeane zamu ya ulinzi.

Jambo moja huja upesi kuliko msaada, nalo ni maneno. Atatokea mtu atakayesema kwamba mtikisiko mkubwa zaidi utakuja saa fulani ya usiku. Mwezi wa Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mji wa Goma ulitikisika siku nyingi, na tarehe 27 serikali iliwaamuru watu wa mitaa kumi kuhama. Hilo lilikuwa onyo la wenye vyombo vya kupimia mlima. Kwa tetemeko la nchi lenyewe hakuna mtaalamu duniani, wa Goma wala wa Lwiro wala wa Japani, anayeweza kutaja siku na saa. Anayetaja anadanganya, hata akiwa amevaa joho.

Atatokea pia mwingine atakayejua dhambi ya waliokufa. Lisbon walikuwapo wahubiri wa namna hiyo. Vijana wasome sura ya 13 ya Injili ya Luka, pale Bwana wetu anapowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na kuwauliza wasikilizaji kama wanadhani hao walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Analijibu swali hilo mwenyewe, kwa kukataa. Mjane aliyezika watoto chini ya ukuta wa tofali asiongezewe jiwe jingine na mdomo wetu.

Kupona huchukua muda kuliko watu wanavyotazamia. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, Bukoba nchini Tanzania ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Shule ya sekondari ya Ihungo, shule ya zamani yenye mizizi ya kimisionari, iliharibika kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya. Mtihani wa kweli wa mahali kama hapo huja miezi sita baadaye, wakati wageni wamekwisha kwenda na mwenye nyumba amesimama mbele ya lundo la matofali yake. Umaskini unamwambia ayapange kama yalivyokuwa. Hapo ndipo kikundi cha vijana kina thamani kuliko sala nyingi za kuaga misaada.

Ajenge, lakini afunge. Mafundi wetu wanajua mkanda wa beto wenye vyuma, unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha bila kukatika, kama kamba inayoshika mzigo wa kuni. Ni ghali, lakini kwa kanisa na shule tunaona si haki kuuacha: kama fedha haitoshi, afadhali kanisa fupi lenye mkanda kuliko refu lisilo nao. Kwa nyumba ya mtu maskini mkanda unaweza kuwa wa mbao ngumu mbili sambamba, zilizounganishwa kwa vipande vya kupitisha kama ngazi iliyolala, na kupigiliwa vizuri penye pembe; Maniema haikosi mbao. Pembetatu ya juu ijengwe kwa mbao au mikeka badala ya tofali. Madirisha yasikaribie pembe za nyumba. Paa lifungwe kwa waya kwenye mkanda. Na nyumba ya miti na udongo isidharauliwe kamwe, hasa kwa jiko, kwa chumba cha wazee, au kwa familia inayoanza.

Watoto nao hupona polepole. Mtoto aliyeona ukuta ukianguka ataogopa kulala ndani, atakojoa kitandani, atashtuka lori likipita. Asichekwe. Aambiwe ukweli, ashikwe mkono, arudishiwe michezo na shule mapema iwezekanavyo, hata chini ya mwembe.

Kuna kazi moja ambayo haingojei tetemeko. Mwaka 1756 serikali ya Ureno iliwapelekea mapadri wa kila parokia orodha ya maswali: lilianza saa ngapi na kudumu muda gani, mtikisiko ulizidi kutoka upande gani, nyumba ngapi zilianguka, wangapi walikufa, visima na chemchemi vilifanya nini. Kwa majibu hayo wataalamu wa leo bado wanalichunguza tetemeko la Lisbon. Sisi tuna parokia, tuna vijana wanaojua kuandika, na tuna wazee wa Kasongo, Samba na Kabambare waliokuwa hai alfajiri ile ya Septemba 1992 na mchana ule wa Desemba 2005. Daftari moja la kurasa mia linatosha. Aulizwe kila mzee alikuwa wapi, ndani ya nyumba ya namna gani, nini kilianguka kwanza, watu walikimbilia wapi, na kwa lugha yake ya nyumbani, Kibangubangu, Kizimba au Kikusu, tetemeko huitwaje. Liandikwe pia jina la kijiji na la kilima. Nakala moja ikae parokiani, nyingine shuleni, ndani ya sanduku la bati ambalo mchwa hawalifikii.